Uliza Ujibiwe: Vitabu vya Kusikiliza kwa Mpenda Teknolojia

Tangu safu hii ilipogusia vitabu vya kusikiliza katika toleo lililopita, barua na jumbe za simu kutoka Arusha na Moshi zimekuwa zikiingia mfululizo, na sehemu kubwa imeandikwa na watu ambao riziki yao au mapenzi yao yako kwenye mitambo: mafundi, walimu wa sayansi, wanafunzi wa uhandisi na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya umeme. Barua ndefu nimezifupisha, na zilizouliza jambo moja nimeziunganisha. Majina ya walioandika nimeyaacha, kama wengi wao walivyoomba.

SWALI: Ndugu Mwandishi, mimi ni fundi wa simu, kibanda changu kiko Kijenge. Kutwa nzima macho yangu yako kwenye lenzi na mkono uko kwenye solda, na jioni nikifungua kitabu herufi zinacheza. Ninapenda sana habari za teknolojia, ila Kiingereza changu ni cha kawaida. Rafiki yangu ananiambia kwamba kusikiliza kitabu ni uvivu, wala si kusoma. Je, anasema kweli? Na nikitaka kuanza, nianze na kitabu gani? *Fundi simu, Kijenge, Arusha*

JIBU: Rafiki yako amekosea, ingawa ninaelewa chanzo cha mawazo yake, kwa kuwa shuleni tulizoezwa kuamini kwamba kusoma ni kukaa kimya mbele ya karatasi. Mwambie kwamba tenzi za Kiswahili zilighaniwa mbele za watu kwa karne kadhaa, na wengi wa waliozisikiliza hawakuwa na kitabu nyumbani, lakini hakuna aliyewaita wavivu. Kama anataka ushahidi wa maabara, mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipiga picha za ubongo wa watu waliosoma hadithi na kuzisikiliza hadithi zilezile, wakakuta kwamba maeneo yanayoshughulikia maana ya maneno yalifanya kazi kwa namna inayokaribiana mno. Tofauti ipo, lakini inategemea zaidi aina ya kitabu na aina ya kazi unayoifanya huku unasikiliza.

Kazi yako inafaa nusu tu. Unapobadilisha kioo au kusafisha ubao kwa spiriti, mikono inajua njia na sikio liko huru. Unapotafuta shoti kwa mita, hesabu za volti na maneno ya msimulizi vitagombea nafasi moja kichwani, na utakachopoteza ni ama sura nzima ya kitabu au simu ya mteja. Wakati huo simamisha kitabu, maliza shoti yako, kisha rudi nyuma sekunde 30. Karibu kila programu ya vitabu ina kitufe cha kurudi nyuma kwa namna hiyo.

Kuhusu kitabu cha kuanzia sina shaka hata kidogo: ni *The Boy Who Harnessed the Wind* cha William Kamkwamba na Bryan Mealer, kilichotoka mwaka 2009. Ni kisa cha kweli cha kijana wa Malawi ambaye njaa ya mwaka 2001 na 2002 ilimwondoa sekondari kwa kukosa ada. Alikimbilia maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe, akakuta humo kitabu cha Kiingereza kuhusu nishati chenye picha ya vinu vya upepo, kisha akakusanya fremu ya baiskeli, feni ya trekta, bomba la plastiki alilolilainisha kwa moto na kulinyoosha kuwa mapanga, pamoja na dainamo ya baiskeli, hadi akawasha taa nyumbani kwao. Wewe hutapata tabu kukiona kinu hicho kichwani, kwa sababu karibu kila kifaa kinachotajwa umekwisha kukishika. Kiingereza chake ni chepesi, na ukipunguza kasi hadi 0.8 kwa sura mbili za mwanzo, masikio yatazoea lafudhi ya msimulizi bila kulazimishwa.

Nina sababu nyingine ya kukisukuma mbele kwa watu wa Arusha. Juni 2007 TEDGlobal, mkutano wa hotuba fupi za mawazo mapya, ulifanyika hapa kwetu, katika hoteli ya Ngurdoto, na Kamkwamba, wakati huo kijana wa miaka 19, alipandishwa jukwaani aeleze kinu chake kwa Kiingereza cha kubabaika mbele ya wageni kutoka pande zote za dunia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege, na ni katika mkutano huo ndipo alipoonyeshwa intaneti kwa mara ya kwanza, akatafuta habari za vinu vya upepo na kumiminiwa kurasa zisizo na idadi, yeye aliyekuwa amejenga chake kwa msaada wa kitabu cha maktaba ya kijijini. Sehemu hiyo niliisikiliza nikiwa ndani ya Noah iliyotoka Moshi, tumekwama nyuma ya lori kabla ya Usa River, na abiria wa jirani aliyeniona nikicheka peke yangu akaomba nimpe hedifoni ya sikio moja. Aliposhuka Tengeru alikuwa ameandika jina la kitabu kwenye kiganja.

SWALI: Nilinunua kitabu cha sauti cha kujifunza lugha ya programu za kompyuta. Msimulizi alikuwa akisoma mabano, nukta na mkato kimoja baada ya kingine, nikakata tamaa kabla ya sura ya pili. Je, vitabu vya teknolojia vinafaa kweli kusikilizwa, au tunajidanganya? *Mwalimu wa fizikia, Moshi*

JIBU: Mwalimu, ulichonunua hakikupaswa kusomwa kwa sauti na mtu yeyote, na aliyekiuza alijua hivyo. Kitabu cha kufundishia programu hudai macho na kibodi. Jicho linaruka, linarudi, linalinganisha mstari wa 3 na wa 12, ilhali sikio halina uwezo wa kuruka. Kuna kipimo ninachokitumia kabla ya kulipa fedha: ninasikiliza kionjo cha dakika chache ambacho wauzaji wengi hukitoa bure, na msimulizi akisema "kama inavyoonekana katika mchoro" zaidi ya mara moja, ninaachana nacho. Mfano mzuri ni *Code* cha Charles Petzold, kilichotoka mwaka 1999, ambacho kwa maoni yangu ni miongoni mwa vitabu bora kabisa vya kueleza kompyuta inavyofanya kazi. Kinaanza na watoto wawili wanaozungumza usiku kwa kuwashiana tochi, jambo ambalo sikio lingelipokea kwa furaha. Lakini punde tu waya, betri na swichi zinapoanza kuungana kuwa mizunguko ya mantiki, bila mchoro mtu hubaki gizani. Kinunue cha karatasi, ukiweke darasani.

Kinachoingia vizuri masikioni ni kisa cha watu wanaotengeneza kitu. Mashine inaeleweka kwa sababu tunamfuata aliyeishindwa usiku na kuishinda asubuhi. Katika fungu hilo sijaona kinachokizidi *The Soul of a New Machine* cha Tracy Kidder, cha mwaka 1981, kilichopata Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Kidder alikaa na wahandisi wa kampuni ya Data General huko Massachusetts walipokuwa wakihangaika kuunda kompyuta ndogo ya biti 32, wengi wao vijana waliotoka chuo juzi, wakifanya kazi usiku na mchana chini ya meneja mkimya aitwaye Tom West. Mashine yenyewe ni ya zamani na leo haimtishi mtu, lakini sijui maelezo bora kuliko haya ya kutafuta kosa dogo ndani ya mzunguko mkubwa: vijana wameinamia mashine, wanasubiri kosa linalotokea mara moja na kutoweka. Mmoja wao, baada ya kuchoshwa na kazi ya kupima muda kwa nanosekunde, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde, aliacha ujumbe kwenye kompyuta yake kwamba anakwenda Vermont kuishi na jamii ya wakulima, na kwamba tangu siku hiyo hatashughulika na kipimo cha muda kilicho kifupi kuliko msimu mmoja wa mwaka. Wanafunzi wako wa kidato cha sita wataelewa kizuri na kibaya cha uhandisi kwa ujumbe huo kuliko kwa mhadhara wa kuchagua taaluma.

*Chip War* cha Chris Miller, cha mwaka 2022, nacho kinafaa, ila kwa sharti. Kinaeleza namna chipu zilivyogeuka kuwa mali ya kugombewa na mataifa makubwa, na sura zinazomhusu Morris Chang, aliyefanya kazi miaka mingi katika kampuni ya Texas Instruments kabla ya kuanzisha kampuni ya kutengeneza chipu ya TSMC huko Taiwan mwaka 1987, zinasikika kama riwaya. Tatizo ni wingi wa majina ya kampuni na watu. Bila daftari pembeni, kufikia katikati utakuwa umechanganya Wajapani na Wamarekani. Si kitabu cha kusikiliza ukiwa unapalilia migomba.

Kwa darasa lako ningechagua *Hidden Figures* cha Margot Lee Shetterly, cha mwaka 2016, kuhusu wanawake weusi wanahisabati waliofanya kazi katika kituo cha utafiti wa anga cha Langley, Virginia. Kabla ya mwanaanga John Glenn kurushwa kuizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, aliomba Katherine Johnson, mmoja wa wanawake hao, azihakiki kwa mkono hesabu zilizotolewa na kompyuta. Wachezeshe wasichana wako dakika chache za sehemu hiyo kabla ya kipindi cha mwendo wa duara, kisha waulize ni hesabu gani hasa alizokuwa akizihakiki. Msimulizi wake ni Robin Miles, na jina hilo lihifadhi, kwa maana mimi nimefikia mahali pa kumfuata msimulizi kama wengine wanavyomfuata mwandishi. Msimulizi asiyeelewa anachokisoma hujulikana kwa sentensi chache tu: hukazia neno lisilo lake, na fomula huipitia mbio kama mtu anayeogopa mbwa.

SWALI: Hivi vitabu si vitamaliza bando? Nina simu ya kawaida na watoto watatu wanaotaka katuni. *Mama wa Usa River*

JIBU: Dada yangu, katuni ndizo zinazokumalizia bando. Sauti ya usomaji ikibanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, kiwango kinachotosha kabisa kwa sauti ya mtu anayezungumza, saa moja hula takriban MB 29. Msimulizi wa kawaida husoma kama maneno 9,000 kwa saa, kwa hiyo kitabu cha maneno 90,000 ni saa 10, sawa na MB 290 hivi, wakati video ya saa moja tu ya ubora wa kati huweza kula zaidi ya hapo. La muhimu ni kupakua kitabu chote mara moja mahali penye Wi-Fi, kazini au kwa jirani mwema, halafu ukizime kipokezi cha intaneti na kusikiliza bila kugusa bando. Nafasi nayo isikutishe: kifaa cha kwanza cha Audible, kampuni ya kuuza vitabu vya sauti, kilichotoka mwaka 1997, kilibeba takriban saa mbili tu za sauti, ilhali memori kadi ya GB 32 hubeba mamia ya saa.

Kwa asiye na fedha za kununua, pa kuanzia ni LibriVox, mradi ulioanzishwa mwaka 2005 na Hugh McGuire wa Montreal, ambapo watu wa kujitolea husoma vitabu vilivyokwisha muda wa hakimiliki na kuviweka bure. Ubora wa wasimulizi unapishana sana, hivyo jaribu sura moja kwanza. Wauzaji wakubwa huhitaji kadi ya Visa au Mastercard na mara nyingi hukuandikisha kwa malipo ya kila mwezi. Ukinunua kitabu kimoja na kusahau kujiondoa, utaendelea kukatwa. Na hao wanaorusha vitabu vya wenyewe kwenye makundi ya simu, sauti zao huwa zimekatwa sura, mwandishi hapati hata senti, na mimi siwapendekezi.

SWALI: Nilifanya kazi ya umeme zaidi ya miaka thelathini. Sasa presha ya macho imeniondolea uwezo wa kusoma, na mjukuu wangu ameniwekea vitabu vya sauti kwenye simu. Ninavipenda, lakini vitufe vya kioo sivioni. Pia ningependa kujua kama jambo hili lilianza na simu hizi, na unishauri kitabu cha mtu wa umeme. *Mzee wa Marangu*

JIBU: Shikamoo Mzee. Jambo hili ni la kale kuliko simu, na kwa kweli lilianzishwa kwa ajili ya watu walio katika hali yako. Thomas Edison alipounda mashine ya kurekodi sauti mwaka 1877, hakukawia kuandika kwamba miongoni mwa kazi zake itakuwa kutoa vitabu vitakavyosema na wasioona. Ilichukua zaidi ya nusu karne: Marekani ilianza kutoa vitabu vya santuri kwa wasioona mwaka 1934, na Uingereza ikafuata mwaka 1935, ikiwafikiria hasa askari waliopofushwa katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Upande mmoja wa santuri za Uingereza ulibeba dakika 25 hivi, kwa hiyo riwaya moja ilifika kama mzigo wa santuri kumi, na msikilizaji alilazimika kuinuka kugeuza kila mara. Kaseti zilikuja baadaye, zikafuatwa na muundo wa vitabu vya kidijitali uitwao DAISY, unaomwezesha asiyeona kuruka kutoka sura hadi sura na hata ukurasa hadi ukurasa, jambo ambalo kaseti haikuliweza. Mwaka 2013 ulipitishwa Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu kutolewa katika miundo ya wasioona bila kukwama kwenye hakimiliki, na Tanzania imejiunga nao.

Kuhusu vitufe, mwambie mjukuu akufungulie TalkBack, programu ambayo huwa tayari ndani ya simu nyingi za Android. Ukigusa kitu kwa kidole kimoja hukitaja jina, na ukigonga mara mbili hukifungua. Kwenye iPhone inaitwa VoiceOver. Siku za kwanza itakuudhi kwa kusema mno. Vumilia, halafu mwombe akupunguzie maneno yake kwenye mipangilio. Akuwekee pia kipima muda cha usingizi, ili kitabu kijizime baada ya nusu saa, usije ukaamka asubuhi ukiwa umepitwa na sura tano.

Kitabu chako ninacho, tena ni cha bure huko LibriVox: *The Chemical History of a Candle* cha Michael Faraday. Huyu ndiye mtoto wa mhunzi aliyekuwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu, na ambaye mwaka 1831 aligundua kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya huzaa umeme. Mitambo ya umeme ya bwawa la Nyumba ya Mungu inazungushwa na maji ya mto Pangani kwa kanuni hiyo, na dainamo ya yule kijana wa Malawi vilevile. Kitabu chenyewe kinahusu mshumaa, na umeme unajitokeza pale tu anapoutumia kuyatenganisha maji, lakini sikukichagua kwa sababu hiyo. Nimekichagua kwa sababu ni mihadhara sita aliyowapa vijana London, ikanukuliwa na kuchapishwa mwaka 1861. Yaani kilisemwa kabla ya kuandikwa. Kila jaribio analolifanya mezani analieleza kwa maneno wakati mikono yake ikifanya kazi, na wewe uliyefundisha vibarua juu ya nguzo utaitambua namna hiyo ya kusema mara moja. Ukitaka mjukuu anufaike, washeni mshumaa na mfuate majaribio mepesi pamoja naye, yeye akiwa macho yako.

SWALI: Mimi ni mtaalamu wa maabara, Moshi. Vitabu vya kuwasifu matajiri wa teknolojia vimenichosha. Je, kuna vya upande wa pili? *Mtaalamu wa maabara, Moshi*

JIBU: Vipo, na kimoja ni cha taaluma yako. *Bad Blood* cha John Carreyrou, cha mwaka 2018, kinaeleza namna kampuni ya Theranos, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Elizabeth Holmes akiwa na miaka 19, ilivyodai kupima magonjwa mengi kwa matone machache ya damu ya kidoleni, ilhali kwa siri vipimo vingi vilifanywa kwa mashine za kawaida za kampuni nyingine. Januari 2022 mahakama ilimtia Holmes hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji. Wewe utashtushwa na mambo ambayo msikilizaji mwingine atayapita, hasa sampuli zilizopunguzwa makali ili zitoshe kwenye mashine, na vidhibiti ubora vilivyopuuzwa. Wasifu wa Steve Jobs ulioandikwa na Walter Isaacson mwaka 2011 hautakufaa kwa sasa. Si kwamba unamsifu tu, bali ni wa saa 25 hivi, na kwa mtu aliyekwisha kuchoka hiyo ni adhabu.

SWALI: Shikamoo. Wenzangu bwenini wanasikiliza kwa kasi ya mara mbili na wananicheka kwa kwenda polepole. Pia ningependa hadithi za kubuni zenye sayansi ndani yake. Mwisho, kwa nini Kiswahili hatuna vitabu vya namna hii, na je, sauti za akili unde hazitatuokoa? *Mwanafunzi wa uhandisi, Tengeru*

JIBU: Marahaba. Kasi ni jambo la kiufundi linalovutia kuliko wenzako wanavyodhani. Zamani ukiharakisha kaseti, sauti ilipanda ikawa ya katuni. Programu za leo huikata sauti katika vipande vidogo sana na kuvipandisha kimoja juu ya mwenzake, hivyo maneno yanakaribiana bila sauti kubadilika. Kwa habari na maelezo mepesi, 1.25 haina madhara. Kwa hadithi, kasi ya mara mbili inaua vituo vya msimulizi, na vituo ndivyo ulivyovinunua. Waache wacheke.

Hadithi ya kukuonjesha hilo ni *Project Hail Mary* ya Andy Weir, ya mwaka 2021, inayosimuliwa na Ray Porter kwa muda wa saa 16 hivi. Mwaka 2022 ilipata Tuzo ya Audie ya kitabu cha sauti cha mwaka. Mtu anazinduka peke yake ndani ya chombo cha angani, hajui yeye ni nani, na inambidi apime mvutano na kuhesabu ili atambue aliko, jambo ambalo mwanafunzi wa uhandisi ataliona kama jaribio la maabara. Baadaye anakutana na kiumbe ambaye lugha yake ni ya sauti za muziki, na toleo la kusikiliza linazitoa sauti hizo zenyewe. Aliyekisoma kwa macho ameambiwa habari za muziki huo, aliyekisikiliza ameusikia. Ni mara chache ninasema hivi, lakini kitabu hiki ni bora masikioni kuliko kwenye karatasi. Usipokuwa na fedha, *The Time Machine* ya H. G. Wells, ya mwaka 1895, iko bure na ni fupi.

Kuhusu Kiswahili, masikio tunayo tangu zamani. Waliokua na Radio Tanzania wanakumbuka kipindi cha "Mama na Mwana" na jinsi watoto walivyojipanga mbele ya redio. Kinachokosekana ni mchapishaji anayekubali kulipa studio na msimulizi kwa kitabu kimoja wakati hana hakika ya wanunuzi, na njia rahisi ya kulipia kitabu hicho kwa simu kwa shilingi chache. Sauti za akili unde zipo, na injini ya Google ya kusoma maandishi ina sauti ya Kiswahili. Kwa notisi za darasa au gazeti inatosha, na ninaitumia. Kwa hadithi bado, kwa sababu inasoma habari ya msiba na bei ya nyanya kwa mwendo uleule. Badala ya kungoja, wewe na wenzako mnaweza kumwendea mwandishi yeyote wa hapa mnayempenda, mkamwomba ruhusa ya maandishi, mkarekodi sura moja kwa simu ndani ya kabati lililojaa nguo, ambazo humeza mwangwi vizuri ajabu. Mkifanya hivyo, nitumieni. Nitaisikiliza yote, kwa kasi ya kawaida.

SWALI: Mimi ni dereva wa bodaboda. Naweza kusikiliza nikiendesha? Na nipe kitabu kifupi. *Boma Ng'ombe*

JIBU: Ukiendesha, hapana, hata kwa sikio moja. Barabara ya Arusha na Moshi ina malori ambayo unayasikia kabla ya kuyaona. Kijiweni ruksa, na cha kuanzia kiwe *Binti* ya Nnedi Okorafor, ya mwaka 2015, iliyopata tuzo za hadithi za kisayansi za Hugo na Nebula. Ni ya saa mbili na nusu hivi, na msimulizi ni yuleyule Robin Miles niliyemtaja kwa mwalimu. Inamhusu msichana wa Kihimba, kabila la Namibia, anayetoroka kwao kwenda chuo kikuu kilicho sayari nyingine, mwenye kipaji cha hesabu na ambaye misuko ya nywele zake imepangwa kwa muundo unaobeba historia ya ukoo wake. Utaimaliza kwa siku chache za kungojea abiria. Nao wakiita, simamisha kitabu, vua hedifoni uziweke mfukoni, halafu ndipo uvae kofia.